Kutoka Winooski hadi Greenfield: miji iliyolikatalia duka kubwa

Vermont ni jimbo dogo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, limepakana na Kanada, na watu wake wote hawafiki laki saba. Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya bei nafuu, ilifungua duka lake la kwanza Arkansas mwaka 1962, ikaenea nchi nzima, na Vermont ikawa jimbo la mwisho kabisa kufikiwa, mwaka 1995. Hilo halikutokea kwa bahati. Mwaka 1993 shirika la kitaifa la kuhifadhi majengo na miji ya kale, National Trust for Historic Preservation, liliiweka Vermont nzima kwenye orodha yake ya mahali palipo hatarini kupotea, na hatari iliyotajwa ilikuwa maduka makubwa ya aina hiyo. Mwaka 2004 likaiweka tena.

Mimi ni mtu wa Mwika, Kilimanjaro, na naishi Burlington kwa kazi ya ukalimani. Oktoba 2019 nilichukua likizo, nikaazima gari la rafiki, nikaenda kuiona miji iliyokataa, iliyokubali, na ile iliyokataa kisha ikashindwa. Swali langu lilikuwa moja: mji ukishakataa duka kubwa, watu wake wananunua wapi shuka na soksi? Haya ni maandishi ya daftari langu, nimeyanyoosha baadaye kidogo tu.

Jumatatu, Winooski na Williston

Nimeanzia Winooski, mji mdogo ulio ng'ambo ya mto kutoka Burlington, kwenye viwanda vya zamani vya sufu vilivyogeuzwa nyumba na ofisi. Hapa utasikia Kiswahili dukani, kituo cha basi na shuleni, kwa sababu Wakongo wengi wameletwa hapa kama wakimbizi. Nimempitia mama mmoja wa Uvira ambaye namheshimu kama mama yangu mzazi. Nilipomweleza ninakokwenda na ninachotafuta, alinitazama kwa huruma.

"Mtoto yangu," akaniambia, "miye nalipa nyumba, nalipa umeme, watoto wane wanataka mabuti ya baridi. Pale wanauzisha bei ya chini. Unataka niende wapi?"

Nikamwambia twende wote. Williston ni mwendo mfupi tu kwa gari, lakini kwa basi, na mifuko mikononi, mama huyu hupoteza nusu siku. Taft Corners, ndani ya Williston, ilikuwa njia panda iliyozungukwa na mashamba ya ng'ombe wa maziwa. Sasa ni maduka marefu kama mabohari, kila moja na uwanja wake wa magari, na kutoka moja kwenda jingine kwa miguu ni kuvuka lami pana bila kivuli. Walmart ya hapa ilifunguliwa mwaka 1997.

Watu wa Vermont walishapigana vita mahali hapahapa kabla Walmart haijafikiriwa. Miaka ya 1970 kampuni iitwayo Pyramid ilitaka kujenga jumba kubwa la maduka Williston. Wakati huo jimbo lilikuwa tayari na sheria inayoitwa Act 250, iliyopitishwa mwaka 1970 chini ya Gavana Deane Davis, mwanachama wa Republican, pale barabara kuu mpya zilipoleta wajenzi wa nyumba za likizo milimani kwa fujo. Sheria hiyo inamtaka mwenye mradi mkubwa athibitishe mambo kumi: maji, udongo, barabara, shule, mandhari, na pia mzigo ambao mradi utaubebesha mji na majirani zake. Mwaka 1978 Pyramid wakanyimwa kibali, sababu mojawapo ikiwa madhara kwa Burlington iliyo jirani. Burlington ikatumia muda huo vizuri. Mwaka 1981 ilifunga barabara ya Church kwa magari na kuifanya ya watembea kwa miguu, na mpaka leo ndiyo moyo wa biashara ya mji.

Walmart si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2011 ilinunua asilimia 51 ya Massmart ya Afrika Kusini, wenye maduka ya Game, na aliyewahi kuingia Game pale Mlimani City kabla hawajafunga virago atazitambua rafu hizi. Tofauti ni kwamba Dar es Salaam ukitoka nje bado unamkuta Mangi na duka lake, anayekupimia sukari robo na kukuandika kwenye daftari la madeni. Taft Corners hakuna Mangi, na aliyekuwapo hana pa kuweka meza.

Mama amepata mabuti ya watoto wote wanne. Sikuwa na hoja ya kumpinga, na sitaki kuandika chochote kuhusu maduka haya kitakachomfanya yeye aonekane mkosaji.

Jumanne, St. Albans

Nusu saa ya barabara kuu kwenda kaskazini, majani ya miti yamekwishakuwa mekundu. Nimetoka barabara kuu kwenye njia namba 20, na hapo hapo, nje ya mji, duka la Walmart liko mbele yangu. Palikuwa shamba la mahindi ya mifugo.

Kisa cha St. Albans kilidumu miaka 20, na kila niliyeongea naye leo anakijua kwa moyo, awe alikuwa upande gani. Ombi la kwanza lililetwa mwaka 1993. Bodi ya mazingira ya jimbo ilikataa, kwa hoja iliyonishangaza kwa uwazi wake: ikapiga hesabu ya kodi ambayo duka lingeingiza, ikaweka kando yake hasara ambayo umma ungebeba maduka ya katikati ya mji yakifa, yaani thamani ya majengo kushuka, kodi kupungua, na huduma kulazimika kufuata wateja nje ya mji. Hasara ikazidi faida. Mwaka 1997 Mahakama Kuu kabisa ya Vermont ikaunga mkono uamuzi huo.

Ningependa wasomaji wa nyumbani wakae na jambo hili kidogo. Kwetu mwekezaji akija na duka kubwa tunauliza ataajiri wangapi. Swali la ajira ngapi zitakufa upande wa pili wa barabara huulizwa na wenye maduka peke yao, nao huambiwa wanaogopa ushindani. Hapa sheria ililifanya kuwa swali la mji mzima, likajibiwa kwa hesabu.

Lakini mwenye mradi hakuchoka. Baada ya mwaka 2000 alirudi na ombi jipya. Wananchi waliojiita Northwest Citizens for Responsible Growth, pamoja na baraza la maliasili la Vermont, wakaenda naye mahakama hadi mahakama. Safari hii walishindwa. Hukumu ya mwisho ilitoka mwaka 2011, na duka la karibu futi za mraba 150,000 likafunguliwa Oktoba 2013.

Kwa hiyo walipoteza? Nimetembea mtaa mkuu nikitafuta jibu. Mbele ya bustani ya Taylor Park kuna safu ya majengo ya matofali mekundu. Ni mtaa uleule ambao Oktoba 1864 wapiganaji wa Kusini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, walivuka kutoka Kanada na kuibia benki 3 kwa mchana mmoja. Madirisha mengi yana kitu ndani: mkahawa, duka la vitabu, kinyozi, nguo. Njia za miguu ni mpya, taa ni mpya, kuna gereji ya magari ya ghorofa ili mtu asipate kisingizio cha kutokuja. Mwenye mkahawa mmoja aliniambia kwamba kama duka lile lingekuja mwaka 1993, mtaa ulipokuwa umechakaa na nusu umelala, lingeumaliza. Lilipofika 2013 lilikuta mji uko katikati ya kujijenga.

Namwamini. Miaka 20 ya kuchelewesha iliupa mji nafasi ya kujua unataka kuwa nini. Mtu aliyefanya kazi hiyo kimyakimya katika miji mingi ya Vermont ni Paul Bruhn, aliyeiongoza Preservation Trust of Vermont, shirika la kuhifadhi majengo na miji ya kale, tangu 1980. Amefariki mwezi uliopita. Leo nimesikia jina lake likitajwa na watu wawili ambao hawajuani.

Nimeandika pia maneno ya mkulima mmoja niliyekutana naye kituo cha mafuta, maana ni ya haki. Alisema waliokuwa wakipinga wengi wao waliweza kumudu kupinga. Yeye kwa miaka yote hiyo alikuwa akiendesha gari hadi Williston kununua suruali za kazi, na mafuta ya gari alikuwa akilipa yeye.

Jumatano, feri hadi Saranac Lake

Feri ya Grand Isle inavuka Ziwa Champlain hadi upande wa New York kwa muda unaotosha kunywa kikombe cha chai. Kisha Plattsburgh, kisha barabara namba 3 inayopanda kwenye milima ya Adirondack. Hii ni hifadhi ya ajabu: ekari milioni 6, ilianzishwa 1892, na ndani yake wanaishi watu, wana vijiji, shule na makanisa. Kama nusu ya ardhi ni mali ya watu binafsi. Kwa hiyo suala la nani ajenge nini halina mapumziko.

Saranac Lake ni kijiji cha watu kama 5,000. Zamani kilijulikana kwa kifua kikuu. Daktari Edward Livingston Trudeau, mwenyewe mgonjwa, alianzisha hospitali hapa miaka ya 1880 akiamini hewa ya milimani inaponya, na mpaka leo nyumba nyingi zina vibaraza vya vioo ambako wagonjwa walilazwa majira ya baridi. Watu walikuja kufa, wengine wakapona, wakabaki.

Duka la nguo na vitu vya nyumbani walilokuwa nalo ni la kampuni iitwayo Ames. Mwaka 2002 Ames ilifilisika na kufunga maduka yake yote. Kuanzia hapo, mtu wa Saranac Lake akitaka chupi, taulo au soksi za mtoto ilibidi aende Plattsburgh, maili 50 kwenda na 50 kurudi, na barabara ya hapa wakati wa theluji si ya kufanyia mzaha. Walmart ikaona pengo, ikaonyesha nia ya kujenga. Kijiji kikagawanyika ndugu kwa ndugu. Kulikuwa na vibao uani vya ndiyo na vya hapana, kwenye nyumba zilizopakana. Mwaka 2006 kampuni ikajiondoa.

Kilichotokea baadaye ndicho kilichonileta huku. Waliosema hapana walijua kwamba pengo bado lipo. Wakaamua kuanzisha duka lao wenyewe kwa kuuza hisa, dola 100 kila moja. Hakuna aliyeruhusiwa kununua zaidi ya za dola 10,000, na mnunuzi ilibidi awe mkazi wa jimbo la New York. Lengo lilikuwa dola 500,000. Iliwachukua miaka. Uchumi wa nchi ulianguka mwaka 2008 wakiwa katikati ya kuchangisha, na hawakuacha. Watu wapatao 600 wakanunua, na tarehe 29 Oktoba 2011 duka likafunguliwa mtaa mkuu, mahali palipokuwa mgahawa, likiwa na futi za mraba kama 4,000.

Nimekaa humo muda mrefu. Taulo, shuka, mablanketi, uzi wa kufuma, nguo za watoto, makoti, vyombo, zawadi za watalii. Muuzaji alinisaidia kutafuta soksi za sufu, na katika mazungumzo akaniambia kwamba wateja huja na madai ya wenye mali: kwa nini hamleti nepi za kitambaa, kwa nini viatu vimewekwa chini. Kila mmoja ana hisa moja na maoni mia. Bei? Nimezilinganisha. Baadhi ziko juu kuliko Williston, si kwa mbali. Anayekwenda Plattsburgh kufuata nafuu hiyo anaimaliza kwenye mafuta ya gari. Hapa hesabu inakubali, na nadhani ndiyo sababu duka hili lipo. Lingekuwa maili 5 kutoka Walmart, mapenzi peke yake yasingelisimamisha.

Wazo walilichukua Powell, mji mdogo wa Wyoming, magharibi ya mbali, ambako mwaka 2002 wananchi walifungua Powell Mercantile kwa hisa za dola 500, baada ya duka lao la nguo kufungwa na kila kampuni kubwa waliyoiomba kuja kukataa. Hilo pia ni jambo la kufikiria. Powell hawakumfukuza mtu. Walikataliwa, wakajifungulia.

Jioni hii nimemkumbuka babu. Alikuwa mwanachama wa KNCU, akiuza kahawa yake kwa ushirika, na alikuwa na kiduka kidogo mpaka mwaka 1976 ilipokuja Operesheni Maduka, serikali ilipofunga maduka ya watu binafsi vijijini ili yabaki ya ushirika na ya ujamaa. Miaka michache baadaye rafu zilikuwa tupu, na watu wa rika la mama yangu wakisikia "duka la kijiji" wanakumbuka foleni ya sabuni. Najua wapo watakaosoma habari za Saranac Lake na kuguna kwa sababu hiyo. Tofauti naiona hivi: hapa hakuna aliyeamriwa, hakuna Mangi aliyefungiwa, na aliyeweka dola zake 100 anaweza kuingia kesho akauliza zimefanya nini. Ushirika wa kahawa wa babu ulikuwa na hali hiyo katika siku zake nzuri. Duka la operesheni halikuwa nayo hata siku moja.

Alhamisi, North Elba

Maili 10 tu hadi Lake Placid, kijiji kilichoandaa Olimpiki za majira ya baridi mwaka 1932 na 1980. Kipo ndani ya mji wa North Elba, na North Elba nao una kisa chao. Walmart iliomba kujenga miaka ya 1990. Bodi ya mipango ya mji ikakataa mwaka 1996, kwa sababu ya mandhari na kwa sababu duka lingebadilisha hulka ya mji. Mahakama ya rufaa ya New York ikaikubalia bodi mwaka 1998. Lake Placid inakula kwa utalii. Mtu anayetoka New York City, mwendo wa saa tano kwa gari, hafuati kitu alichokiacha nyumbani. Hoja ilikuwa rahisi kwao kuliko kwa mkulima wa St. Albans, na lazima niseme hivyo.

Sikukaa sana madukani. Nimekwenda kwenye shamba la John Brown, mzungu aliyeshika silaha kupinga utumwa, akanyongwa Desemba 1859, akazikwa hapa. Alihamia North Elba kwa sababu ya kitu ambacho sikukijua kabla ya safari hii. Mwaka 1846 tajiri mmoja, Gerrit Smith, alianza kugawa ekari 120,000 za milima hii kwa wanaume Weusi 3,000 wa New York, ekari 40 kila mmoja. Sheria ya jimbo wakati huo ilimnyima kura mtu Mweusi asiye na mali ya dola 250. Ardhi ingewapa kura. Wachache walifika na kukaa, udongo ni baridi na mgumu, na makazi yao yakaitwa Timbuctoo.

Nimesimama kwenye nyasi za shamba hilo nikiwaza jinsi mambo haya yanavyoshikana. Kura iliyolikataa duka hapa ilipigwa na wenye sauti katika bodi ya mji, na sauti hiyo kwa muda mrefu ilitoka kwenye umiliki wa ardhi. Yule mama wa Uvira anapanga nyumba. Hajawahi kuitwa kwenye kikao chochote cha mipango, na lugha ya vikao hivyo ni ngumu hata kwangu niliyesomea ukalimani. Kama miji hii inataka upinzani wake uwe wa watu wote, mahali pa kuanzia ni kumpatia kiti na mkalimani.

Ijumaa, Rutland na Bennington

Nimeshuka hadi Crown Point na kurudi Vermont juu ya daraja jipya la Ziwa Champlain, lililofunguliwa 2011 baada ya lile la 1929 kuzeeka likabomolewa. Mchana nilikuwa Rutland.

Rutland walifanya jingine kabisa. Walmart ilipotaka kuingia miaka ya 1990, mji ulikubali, ila ukataja mahali: katikati ya mji, kwenye jengo la zamani la Kmart, karibu na stesheni ya treni. Duka ni dogo kuliko la St. Albans. Nimeona watu wakitoka na mifuko wakivuka kwenda kunywa kahawa upande wa pili, kitu ambacho Taft Corners hakiwezekani. Mtaa haujatajirika, majengo kadhaa yako wazi, lakini bibi mwenye kigari chake cha kuvuta alikuja na kuondoka kwa miguu. Kati ya yote niliyoyaona wiki hii, hili ndilo ningependa mwanasiasa wa mji wowote alijue: mahali pa duka ni suala la mazungumzo, na mji una haki ya kulitaja.

Bennington, kusini kabisa, ndiko Walmart ya kwanza ya Vermont ilikofunguliwa 1995, nayo pia kwenye jengo lililokuwapo tayari. Ilipotaka kupanuka, halmashauri iliweka kikomo cha ukubwa wa maduka. Mwaka 2005 wananchi wakapiga kura, wakakiondoa kikomo hicho. Ilikuwa kura halali, na waliotaka duka kubwa walikuwa wengi. Nimeongea na mzee aliyepiga kura ya kubakiza kikomo; hana kinyongo na jirani zake, ila anasema kampuni ilikuwa na fedha za kujitangaza na wao walikuwa na fotokopi.

Usiku, mwenye nyumba ya wageni ameniambia kwamba mapambano ya sasa ni ya maduka madogo. Dollar General ina maduka zaidi ya 15,000 nchini, kila moja la futi za mraba kama 9,000, na vikomo vilivyotungwa kwa ajili ya Walmart havilifikii. Kijiji cha Chester, kaskazini-mashariki ya hapa, kilipinga moja kwa miaka; mwaka 2015 mahakama ikaruhusu. Maduka haya huuza chakula cha makopo na vinywaji mahali ambapo mwenye duka la mboga anaponea chupuchupu, na akifunga huyo, mboga zinaondoka naye.

Jumamosi, Greenfield

Nimeingia Massachusetts na kupanda barabara ya Mohawk Trail, yenye kona kali juu ya North Adams inayokulazimisha kutambaa, kisha Charlemont, kisha Shelburne Falls, ambako daraja la zamani la treni ya mjini limepandwa maua kutoka mwanzo hadi mwisho. Greenfield ni mji wa kawaida, wa watu wa kazi. Lakini kwa yeyote anayefuatilia suala hili, hapa ndipo wengine walipojifunza.

Mwaka 1993 baraza la mji lilibadilisha matumizi ya ardhi ili Walmart ijenge. Wananchi walikusanya sahihi, wakalazimisha kura ya mji mzima, na Oktoba mwaka huo wakashinda kwa kura 9. Tisa! Aliyeongoza kampeni, Al Norman, alianza kupigiwa simu na miji mingine iliyotaka kujua walifanyaje, na tangu hapo amekuwa akizunguka nchi kusaidia vijiji kupitia kazi yake aliyoiita Sprawl-Busters. Nimeuliza watu mtaani kuhusu kura hizo tisa. Kila wa umri huo anadhani mojawapo ilikuwa yake.

Vita haikuisha. Kuna ardhi kwenye barabara ya French King ambako mwekezaji mwingine amekuwa akitaka duka kubwa kwa zaidi ya miaka kumi, na kesi bado ipo.

Kwenye mtaa mkuu kuna Wilson's, duka la idara nyingi lililoanza biashara mwaka 1882. Nimeingia na kupata kila kitu ambacho Saranac Lake walikikosa kwa miaka tisa: shuka, masufuria, makoti, midoli, na wauzaji wenye mvi wanaojua kipo wapi. Hatua chache mbele kuna Green Fields Market, duka la chakula la ushirika, limejaa mboga za mashamba ya bonde hili. Nimenunua jibini na tufaha, nikakaa nje. Saa ile mtaa ulikuwa na watu.

Nyongeza, baada ya miaka

Wilson's ilifungwa mapema mwaka 2020. Mwenyewe alitaka kustaafu na hakupata wa kulinunua. Walmart haikujengwa Greenfield, na duka bado limekufa. Biashara ya mtandaoni ilikuwa imekwishachukua sehemu yake, na duka la mtu mmoja linategemea magoti ya mtu mmoja. Nimelifikiria sana hili nikikumbuka wale 600 wa Saranac Lake. Kwao mmoja akizeeka, anauza hisa au anamrithisha binti yake, na mlango unafunguliwa asubuhi kama kawaida.

Jengo la Wilson's lilinunuliwa na MassDevelopment, taasisi ya maendeleo ya jimbo. Mpango uliotangazwa ulikuwa kujenga nyumba za kupanga ghorofani, zikiwamo za watu wa kipato cha chini, na chini yake Green Fields Market ihamie, wapate nafasi kubwa kuliko ile niliyoiona. Ikiwa hivyo, wapangaji wa juu wataweza kushuka ngazi na kuwa wanachama wa duka lililo chini yao.